Merikani haikufumwa na ushuru

Aprili 2, 2025, Rais Donald Trump alisimama kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani akiwa na bango lenye viwango vya ushuru, nchi baada ya nchi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilipangiwa asilimia 10, kiwango cha chini kabisa; Lesotho, nchi ndogo inayotegemea kushona jinzi, ikaangukiwa na asilimia 50. Viwango hivyo vimebadilishwa mara kadhaa tangu siku ile, lakini hoja iliyovibeba ni ileile: kwamba Marekani ilitajirika karne ya 19 kwa kutoza ushuru mkubwa, ikadhoofika ilipofungua milango, na sasa inarudi kwenye asili yake. Huku kwetu hoja hiyo imepata wafuasi hata miongoni mwa watu wasiompenda Trump. Wanasema: mnaona, mkubwa ametoa siri yake hadharani. Yeye alipanda kwa ushuru, kisha akatuhubiria biashara huria ili sisi tubaki chini. Basi nasi tupandishe kuta, viwanda vitakuja.

Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ushuru wa Marekani ulikuwepo, ulikuwa mkubwa, na kuna viwanda ambavyo bila huo vingechelewa kuzaliwa. Lakini ukifuatilia kiwanda kwa kiwanda na senti kwa senti, unakuta ulifanya kazi pale tu ambapo mambo mengine yalikuwa yameshakaa sawa, na gharama yake ikabebwa na watu ambao hawakuulizwa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote hauko kwenye makabrasha ya Washington. Uko Zanzibar, ndani ya neno walilolitumia bibi zetu walipotaka kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa: merikani.

Tuanze na sheria ya ushuru ya mwaka 1816. Vita kati ya Marekani na Uingereza vilikuwa vimemalizika mwanzoni mwa 1815, na meli za Kiingereza zikaanza kumwaga nguo zilizokuwa zimerundikana maghalani. Viwanda vingi vidogo vya Rhode Island vilivyochipua wakati wa vita vikafunga. Bunge likaweka ushuru wa asilimia 25 kwa nguo za pamba. Kwa kusoma tu, si kiwango cha kutisha. Ukali wake ulikuwa kwenye kifungu kimoja: kitambaa chochote cha pamba chenye thamani chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba kihesabiwe kana kwamba thamani yake ni senti 25. Tuseme kitambaa kizito cha India kimenunuliwa kwa senti 9. Hakikulipa robo ya senti 9. Kililipa robo ya senti 25, yaani senti 6 na robo, karibu asilimia 70 ya bei yake. Kadiri kitambaa kilivyokuwa rahisi ndivyo ukuta ulivyozidi kurefuka. Kifungu kilikuwa na makali mengine ambayo afisa yeyote wa forodha atayatambua haraka: hakuna aliyeweza kukwepa ushuru kwa kuandika bei ndogo kwenye ankara, maana bei ndogo haikuhesabiwa.

Aliyekipigania kifungu hicho alikuwa Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston. Miaka ya 1810 hadi 1812 alikuwa Uingereza, wakati ambapo sheria za huko zilikataza kutoa nje mashine za nguo au michoro yake. Alizitazama kiwandani na kuzihifadhi kichwani. Aliporudi, yeye na fundi Paul Moody wakaunda mashine yao ya kufumia inayoendeshwa na maji, na mwaka 1814 kiwanda cha Waltham, karibu na Boston, kikaanza kazi kwenye mto Charles, mtaji wake ukitoka kwa familia za Boston zilizotajirikia baharini. Huku robota la pamba liliingia, likapigwa kutoa takataka, likachanwa, likasokotwa. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zikapakwa wanga zisikatike, zikafumwa. Huku kitambaa kikatoka. Kazi zote chini ya paa moja, jambo ambalo hata Waingereza hawakuwa na mazoea nalo. Walichagua kitambaa kizito kwa makusudi. Uzi mnene hukatika mara chache kwenye mashine isiyo laini, kwa hiyo msichana aliyetoka shambani wiki iliyopita angeweza kuisimamia. Vipimo vyake vinajulikana: uzi namba 14, upana wa inchi 37, nyuzi 44 za mshindio, zile za upana, kwa kila inchi, na ratili moja (karibu nusu kilo) ya kitambaa ilitoa yadi pungufu kidogo ya 3.

Sasa angalia bei. Yadi ya kitambaa hicho iliuzwa senti 30 mwaka 1816. Mwaka 1819 ilikuwa senti 21, mwaka 1826 senti 13, mwaka 1829 senti 8 na nusu. Kufikia 1843 ilikuwa senti 6 na nusu, karibu sawa na ule ushuru wa 1816 peke yake. Mwenye kiwanda anayeishi kwa kutegemea ukuta hupandisha bei yake mpaka igusane na bei ya mgeni iliyojumlishwa ushuru, kisha anatulia hapo. Hawa hawakutulia. Viwanda vyenyewe kwa vyenyewe vilikuwa vinashindana, kila fundi aliyefundishwa Waltham aliweza kuajiriwa kwingine na kwenda na ujuzi wake, mashine ziliboreshwa kila baada ya miaka michache, na pamba mbichi ilizidi kushuka bei kwa sababu tutakazozifikia. Ushuru ungeweza kuwapa usingizi mnono. Kilichowaamsha ni ushindani wa ndani.

Mtihani wenyewe ukaja mahali ambapo ushuru wa Washington haukuwa na mkono. Ushuru wa 1816 uliwabana wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wameishi kwa kuleta vitambaa vya India. Ikabidi watafute biashara na masoko mengine, na baadhi yao wakaishia Zanzibar wakifuata pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Septemba 21, 1833, Sayyid Said na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts walitia saini mkataba: bidhaa za Wamarekani zitalipa asilimia 5 tu kwenye forodha ya Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika kuwa balozi mdogo wa kwanza. Waingereza walipata kiwango kilekile mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Forodhani, basi, kitambaa cha Massachusetts kilisimama pamoja na cha Manchester na cha India, wote wakilipa sawa, na aliyechagua alikuwa mnunuzi wa Unguja na mchukuzi wa Unyamwezi.

Kitambaa cha Massachusetts kikashinda. Kilishinda kwa sababu ambazo mtu anayejua nguo anazielewa kwa kushika tu. Kitambaa chepesi kilichojazwa wanga na udongo mweupe huonekana kizito dukani, lakini kikifuliwa mara ya kwanza ule unga unatoka na kinabaki kama chandarua. Merikani ilibaki na uzito wake kwa sababu uzito wake ulikuwa pamba. Bara, kitambaa kilikuwa fedha: kilihesabiwa kwa shuka, kwa doti, kwa jora, na fedha inayochakaa baada ya mvua moja haipokelewi. Kwa vipimo vile vya Waltham, jora la yadi 30 lilikuwa na uzito wa ratili 10 hivi, maana yake mchukuzi mwenye mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, alibeba majora sita au saba kutoka Bagamoyo mpaka Tabora. Jina la nchi likawa jina la kitambaa. Na mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ikiwa chini ya Ahmad bin Naaman, ilikwenda mpaka New York na kurudi na shehena iliyokuwamo kitambaa hichohicho.

Mtetezi wa ushuru atasema hapa: bila kinga ya 1816 kiwanda cha Waltham kisingefika Zanzibar. Hii ndiyo hoja yake yenye nguvu, nami naikubali kwa kiasi. Miaka ile michache ya mwanzo, wakati Waingereza wakimwaga nguo sokoni, ushuru ulinunua muda. Lakini tazama viwanda vilivyokuwa na ukuta uleule. Vya Rhode Island, vilivyosokota uzi na kuugawa kwa wafumaji wa majumbani, vilikuwa na kinga sawasawa na Waltham, na vingi viliendelea kuyumba mpaka vilipochukua mashine za kufumia na wao. Kisha, mwaka 1846, Bunge lilifuta ile hesabu ya bei ya chini na kurudisha asilimia 25 ya thamani halisi. Wenye viwanda walilia kwamba wamekwisha. Hawakwisha. Miaka ya 1850 ndiyo miaka ambayo merikani ilijaa zaidi kwenye maduka ya Unguja. Kiwanda, mtoto mchanga wa 1816, kilikuwa kimeshatembea zamani. Kelele ilikuwa ya mbeleko.

Kuna gharama ambayo wapenzi wa historia hii huiruka, na mimi siwezi kuiruka. Pamba ile ilitoka wapi? Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa kama 700,000. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney ilipotokea mwaka 1793, kilimo cha pamba kikaenea kuelekea Alabama, Mississippi na Louisiana, na watu kama milioni moja wakahamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya Kusini ya juu, wengi wakitenganishwa na wake, waume na watoto wao. Kufikia 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4, na mavuno ya pamba yalizidi marobota milioni 4. Hiyo ndiyo sababu pamba ilishuka bei mwaka hadi mwaka. Halafu sehemu ya kitambaa kilichofumwa ilirudi Kusini kuvalishwa walewale walioichuma. Wao walikiita lowell, kwa jina la mji wa viwanda. Kitambaa cha namna moja kilikuwa na majina mawili: lowell migongoni mwa watumwa wa Alabama, merikani mabegani mwa wachukuzi wa Pwani. Na huku kwetu pia kilitumika kununulia watu. Anayesema ushuru ndio uliojenga viwanda vya Marekani amefuta kwenye hesabu watu milioni 4 kwa kalamu moja.

Wasichana wa kiwandani nao walilipa. Katika mji wa Lowell, uliojengwa kuanzia 1822 pembeni ya maporomoko ya mto Merrimack, kengele iliwaamsha kabla ya jua, na kwa wastani walifanya kazi saa 73 kwa wiki. Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto, kwa sababu hewa kavu hukatisha uzi. Wakavuta vumbi la pamba siku nzima. Mwaka 1834 mishahara ilipopunguzwa, wanawake kama 800 waliacha kazi. Mwaka 1836 gharama ya malazi kwenye nyumba za kampuni ilipandishwa, wakagoma wengine wengi zaidi. Miaka ya 1840 Sarah Bagley na wenzake walipeleka maombi kwa baraza la kutunga sheria la Massachusetts wakitaka siku ya saa 10, wakaambiwa kwamba hilo si jambo la serikali. Ushuru uliwalinda wenye hisa dhidi ya Calcutta na Manchester. Sheria ya kumlinda mfumaji dhidi ya mwenye hisa haikuwepo.

Basi, kama ushuru haukuwa injini, injini ilikuwa nini? Mambo kadhaa, lakini moja linatuhusu sisi kuliko mengine. Miaka ya 1780 majimbo ya Marekani yalikuwa yanatozana ushuru. New York ilitoza mashua zilizoleta kuni kutoka Connecticut na mboga kutoka New Jersey. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1789 ilikomesha hayo: jimbo halitatoza bidhaa ya jimbo jingine, na serikali kuu haitatoza mazao yanayouzwa nje. Nyuma ya ule ukuta maarufu kulikuwa na soko moja lisilo na geti. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, nauli ya tani moja kati ya Buffalo na New York ilianguka kutoka kama dola 100 hadi karibu dola 10, na hakukuwa na afisa wa forodha kila maili 50. Watu walikuwa milioni 4 mwaka 1790, milioni 31 mwaka 1860, milioni 76 mwaka 1900, wote wakiuziana bila kibali. Wahamiaji waliingia kwa mamilioni na ujuzi wao. Ukilinganisha, Marekani ya karne ya 19 ilikuwa eneo kubwa la biashara huria lililozungushiwa uzio, na sifa zote za eneo hilo zimepewa uzio.

Twende kwa William McKinley, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwishoni mwa karne ile, kwa kuwa ndiye Trump na watetezi wa ushuru wanayemtaja. Sheria yake ya mwaka 1890, alipokuwa mbunge, ilifikisha ushuru wa wastani wa bidhaa zinazotozwa karibu asilimia 50. Mfano wake unaosifiwa ni bati la makopo, yaani karatasi nyembamba za chuma zilizochovywa kwenye bati lililoyeyushwa, juu yake pakiwa na mafuta ya mawese kutoka Afrika Magharibi ili lisiungue kwa hewa. Kabla ya hapo karibu bati lote la makopo la Marekani lilitoka Wales. Julai 1891 ushuru ulipanda kutoka senti 1 hadi senti 2.2 kwa ratili, na ndani ya miaka michache viwanda vya Marekani vikachukua soko. Ushindi wa wazi? Uliza kwanza kwa nini Wamarekani, wenye chuma na makaa, hawakuwa wakitengeneza bati hilo tangu mapema. Kwa sababu karatasi ya chuma inayochovywa ilikuwa yenyewe imelindwa kwa ushuru mkubwa, kwa hiyo malighafi ilikuwa ghali kuliko Wales. Ushuru mmoja ulikuwa umekaba kiwanda, wa pili ukaletwa kukifungua koo. Wakati huohuo chuma cha Marekani kilikuwa kinashuka bei kwa kasi kwa sababu ya tanuri kubwa na madini mapya ya Minnesota, na ushuru wa bati ulipopunguzwa hadi senti 1.2 mwaka 1894, viwanda viliendelea kukua. Wachumi walioichambua historia hiyo kwa kina walifikia hesabu kwamba ushuru uliharakisha kiwanda cha bati kwa takriban miaka 10, na kwamba gharama kwa wanunuzi ilizidi faida.

Wapigakura wa wakati ule hawakusubiri wachumi. Bei zilipanda madukani, na Novemba 1890 chama cha Republican kilipoteza Baraza la Wawakilishi vibaya sana; McKinley mwenyewe aliangushwa kwenye kiti chake cha Ohio, ingawa mipaka ya jimbo lake ilikuwa pia imechezewa. Na jambo ambalo hulisikii kwa wanaomtaja leo: Septemba 5, 1901, akiwa Rais, alihutubia maonyesho ya Buffalo akisema wakati wa kujifungia umepita na kwamba Marekani inahitaji mikataba ya kupunguziana ushuru na wengine. Kesho yake alipigwa risasi, na baada ya siku nane akafariki. Mtu aliyefanywa nembo ya ukuta alimalizia maisha yake akiomba mlango.

Katika hoja zote zinazotolewa kutetea ushuru, iliyo dhaifu kabisa ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mgeni ndiye anayelipa. Yeyote aliyewahi kutoa gari au kontena bandarini Dar es Salaam au Mombasa anajua nani analipa. Mwagizaji anapewa makadirio, wakala wake wa forodha anaingiza taarifa kwenye mfumo, fedha zinalipwa kwa mamlaka ya mapato, ndipo mzigo unatoka getini. Aliyetengeneza gari kule Japani hata hajui. Kweli muuzaji wa nje anaweza kupunguza bei kidogo ili asipoteze soko, lakini hilo hupimwa, halikisiwi. Januari 2018 Marekani iliweka ushuru maalumu kwenye mashine za kufulia nguo. Waliofuatilia bei walikuta mashine hizo zimepanda kwa asilimia 12 hivi, kama dola 90 kila moja. Mashine za kukaushia, ambazo hazikuwekewa ushuru wowote, nazo zilipanda kwa kiasi kilekile, kwa kuwa watu hununua mbili kwa pamoja na wauzaji waligawa ongezeko pande zote mbili. Ajira zilizopatikana zilikuwa kama 1,800. Wanunuzi walilipa nyongeza ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka, serikali ikakusanya dola milioni 82. Gawanya, na kila ajira moja imegharimu zaidi ya dola 800,000. Kwa fedha hiyo ungeweza kumlipa mfanyakazi akae nyumbani na kumsomesha mpaka chuo, na chenji ikabaki.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya 1816 na leo. Lowell alilinda kitambaa kilichokamilika, na malighafi yake ilikuwa ya nchini na rahisi kuliko popote. Leo sehemu kubwa ya kinachoingia Marekani ni vipuri, chuma, kemikali na mashine zinazokwenda kwenye viwanda vya Marekani vyenyewe. Ukiweka asilimia 25 kwenye chuma, kama ilivyofanyika Machi 2018, umemsaidia anayeyeyusha chuma na kumwumiza anayetengeneza trekta, na hao wa pili ni wengi zaidi. Ajira za viwandani Marekani zilifikia kilele mwaka 1979, kama milioni 19.5, sasa hazifiki milioni 13, huku bidhaa zikizalishwa nyingi kuliko wakati ule. Sehemu ya upungufu huo ilikwenda China, na watu wa miji iliyopoteza viwanda wana haki ya hasira yao. Lakini sehemu nyingine ilichukuliwa na mashine, na mashine hailipi ushuru wa forodha.

Turudi nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshaweka ukuta wake: tangu Julai 2022 bidhaa nyingi zilizokamilika kutoka nje, nguo zikiwemo, zimo kwenye daraja la asilimia 35. Kwa hiyo swali la kama tuwe na ushuru limeshapita. Swali lililobaki ni kwa nini ukuta mrefu kuliko ule wa 1846 haujaleta Lowell yetu, na sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu bado inaondoka ikiwa robota. Ingia kwenye kiwanda cha kusokota utaona sababu moja kwa macho. Umeme ukikatika kwa dakika moja, nyuzi hukatika kwenye mamia ya vijiti vya kusokotea kwa mpigo, na wafanyakazi wanapita mstari kwa mstari wakiunganisha kwa vidole. Dakika moja ya giza inakula sehemu kubwa ya zamu. Asilimia 35 haiunganishi uzi. Sababu nyingine iko mipakani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakalala Namanga. Aprili 2025 Tanzania ikazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Kila upande ulikuwa na maelezo yake, lakini mwenye kiwanda anayepanga kuwauzia watu milioni 300 wa Jumuiya anasoma habari hizo na kujenga kiwanda cha kuwatosha milioni 60 wa nchi moja.

Rwanda ilijaribu njia ya ukuta kwa ujasiri kuliko wenzake. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya nguo za Rwanda chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Naiheshimu nchi ndogo iliyokataa kutishwa. Lakini soko la Rwanda peke yake halitoshi kiwanda kushuka kutoka senti 30 hadi senti 6 na nusu, na Kenya, Uganda na Tanzania zilizokuwa zimeahidi kwenda pamoja nayo zilirudi nyuma. Ukuta wa mmoja kati ya majirani wenye njia za panya ni mwaliko wa magendo. Kama nchi zile zingebaki pamoja, zikafungua mipaka ya ndani kabla ya kuinua wa nje, jaribio lingekuwa na sura nyingine kabisa, na leo tungekuwa na ushahidi wetu wenyewe wa kujadili badala ya kuazima wa McKinley.

Merikani yenyewe ilikufa wakati ushuru wa Marekani ulikuwa umepandishwa sana. Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, majeshi ya Kaskazini yakazingira bandari za Kusini, na viwanda vya Massachusetts vikakosa pamba. Bunge lilipandisha ushuru mwaka 1861, likapandisha tena mwaka 1864, na baada ya vita halikuurudisha mahali ulipokuwa. Nyumbani, wenye viwanda wakabaki na soko lao. Unguja, bei ya jora ilipanda, wanunuzi wakajaribu vitambaa vingine, na ingawa merikani ya kweli ilirudi baada ya vita, ilikuta wengine wamekaa mahali pake. Mshindani mkubwa alikuwa Bombay, mji ambao kiwanda chake cha kwanza cha mvuke kilianza miaka ya 1850, ulio karibu na pamba yake, wenye maduka ya ndugu na jamaa kila mtaa wa Zanzibar. Mwaka 1882 serikali ya Kiingereza ya India iliondoa ushuru wote wa nguo za pamba zinazoingia India, kwa shinikizo la Manchester, na Bombay ikaendelea kufuma bila ukuta wowote. Kufikia mwisho wa karne ndiyo iliyokuwa ikiuza kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa kutoka Lamu mpaka Kilwa, na wanunuzi waliingia dukani wakiomba kwa jina lilelile, merikani.